Ulemavu wa akili: Familia zabeba gharama, taifa lapata hasara

WAHENGA walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeutazama kwa mbali, ulezi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili ni jambo la kuhuzunisha, linalostahili pole na maombi. Kwa anayeubeba mzigo wenyewe, ulezi huo ni hesabu ya fedha pia. Hesabu inayoanza mapema katika uhai wa mtoto na ambayo aghalabu haifungwi hadi mzazi anapoingia kaburini.

Licha ya uzito wake, hesabu hiyo haionekani katika bajeti ya taifa. Bajeti inaposomwa kila mwezi wa Juni, Wakenya huelezwa mabilioni yatakayojenga barabara, yatakayolipa walimu na yatakayolipia madeni. Hawaelezwi thamani ya siku za kazi ambazo mama hupoteza akimchunga mwanawe wa miaka 15 asije akatoka nje akapotea au akaanguka motoni.

Makala haya yanaeleza gharama hiyo hutokana na nini, ni nani hasa anayeilipa, na kwa nini nchi inayodhani kuwa inaokoa fedha kwa kutowahudumia watu hawa inapoteza nyingi zaidi.

Si ugonjwa wa akili

Kabla ya kuhesabu gharama, ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili.

Mtu mwenye ulemavu wa akili ana upungufu mkubwa katika uwezo wa kuelewa, kujifunza na kutatua matatizo. Katika vipimo vya akili ambavyo wastani wake ni alama 100, yeye hupata takriban alama 70 au chini ya hapo. Pamoja na hayo, hutatizika katika shughuli za kila siku kama vile kuvaa, kuhesabu pesa, kusafiri peke yake au kujikinga na hatari. Hali hii huanza utotoni.

Ugonjwa wa akili, kwa upande mwingine, unaweza kumpata mtu wa umri wowote, hata msomi aliyebobea, na mara nyingi hudhibitiwa kwa dawa.

Mkanganyo huu wenyewe una gharama. Mzazi asiyeijua tofauti hutumia miaka mingi na akiba yake yote akizunguka hospitalini, kwa waganga na katika mikutano ya maombi akitafuta dawa ya kumponya mtoto, ilhali anachohitaji mtoto huyo zaidi ni mafunzo. Ng'ombe na mbuzi huuzwa, shamba hukodishwa, na miaka ambayo ubongo wa mtoto hujifunza kwa wepesi zaidi hupita bure.

Jambo jingine ambalo halifahamiki sana ni kuwa ulemavu huu una viwango. Wataalamu hukadiria kuwa takriban asilimia 85 ya watu walio nao wana kiwango cha chini. Hawa wakifunzwa mapema wanaweza kujitunza, kuzungumza na wenzao, kusoma kwa kiasi fulani na kufanya kazi. Ni wachache wanaohitaji kulishwa, kuogeshwa na kulindwa saa 24 maisha yao yote.

Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima la gharama. Wengi wa watu hawa wanaweza kujitegemea, kabisa au kwa sehemu. Wanapoishia kuwa tegemezi wa daima, mara nyingi si kwa sababu ya ulemavu peke yake, bali ni kwa sababu hapakuwa na aliyewafunza.

Idadi isiyojulikana

Sensa ya mwaka wa 2019 ilipata zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu wa aina mbalimbali miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi, sawa na asilimia 2.2. Kati yao, takriban watu 212,000 waliripotiwa kuwa na matatizo ya kukumbuka au kumakinika. Kundi hilo hujumuisha pia wazee waliopoteza kumbukumbu, kwa hivyo haliwahusu wenye ulemavu wa akili peke yao.

Idadi hii ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ambayo ingetarajiwa. Tafiti za kimataifa hukadiria kuwa mtu mmoja hivi katika kila watu 100 ana ulemavu wa akili, na kwamba kiwango huwa juu zaidi katika nchi maskini. Kwa kuwa sensa hiyo ilihesabu Wakenya milioni 47.6, makadirio hayo yangetoa watu wapatao 476,000.

Utafiti uliofanyiwa watoto wa umri wa miaka sita hadi tisa katika eneo la Kilifi, na kuchapishwa mwaka wa 2006, ulipata kuwa takriban watoto 31 katika kila 1,000 walikuwa na upungufu wa akili wa kiwango cha kadiri au kikali.

Pengo hilo lina sababu. Karani wa sensa huuliza maswali mlangoni, hampimi mtu. Isitoshe, baadhi ya familia bado huwaficha watoto hawa kwa kuchelea aibu na masengenyo ya majirani. Matokeo yake ni kuwa mtu asiyehesabiwa hapangiwi darasa, hapangiwi mwalimu wala hatengewi fedha.

Mafungu matatu ya gharama

Wanaochunguza uchumi wa afya huigawa gharama ya ulemavu katika mafungu matatu. La kwanza ni matibabu: daktari, dawa na kulazwa hospitalini. La pili ni mahitaji mengine yanayolipiwa moja kwa moja, kama vile elimu maalumu, usafiri na marekebisho ya nyumba. La tatu ni kipato kinachopotea kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi, anafanya kazi kidogo kuliko ambavyo angefanya, au anafariki mapema.

Mojawapo ya hesabu zinazojulikana sana ilichapishwa mwaka wa 2004 na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC). Kituo hicho kilikadiria kuwa watu wenye ulemavu wa akili waliozaliwa nchini humo mwaka wa 2000 pekee wangegharimu dola bilioni 51.2 katika maisha yao yote, kwa thamani ya dola ya mwaka wa 2003. Hiyo ni wastani wa dola 1,014,000 kwa kila mtu, juu ya gharama za kawaida za maisha.

Lililo muhimu zaidi kwa msomaji wa Kenya si ukubwa wa fedha hizo bali jinsi zinavyogawanyika. Matibabu yalichukua asilimia 14 tu. Elimu maalumu na mahitaji mengine ya moja kwa moja yalichukua asilimia 10. Asilimia 76 iliyosalia ilikuwa kipato kilichopotea.

Kwa maneno mengine, hata katika nchi yenye hospitali za bei ghali na shule maalumu zilizo na kila kifaa, gharama kubwa zaidi ilikuwa kazi isiyofanyika. Tena hesabu hiyo haikujumuisha fedha ambazo familia hutoa mfukoni mwao.

Kenya si Marekani, na itakuwa kosa kuzigeuza dola hizo kuwa shilingi na kudai kuwa ndiyo gharama yetu. Hata hivyo, mgawanyo huo unatufunza jambo. Ikiwa kazi inayopotea ndiyo robo tatu ya gharama kule ambako serikali hulipia huduma nyingi, hapa kwetu, ambako huduma ni chache na mlezi ni mama au dada, uzito wake katika nyumba hauwezi kuwa mdogo.

Hesabu ya nyumbani

Hebu tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme mama mmoja huuza mboga sokoni na hupata faida ya Sh500 kwa siku. Akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, anapata Sh12,500, sawa na Sh150,000 kwa mwaka.

Anapojifungua mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili na kukosa pa kumwacha, analazimika kuiacha meza yake ya sokoni. Kufikia siku mtoto atakapotimiza miaka 18, mama huyo atakuwa amepoteza Sh2.7 milioni, bila kujumlisha kupanda kwa bei wala ukuaji wa biashara yake.

Hasara haiishii hapo. Mama asiyeweza kutoka nyumbani hawezi kuhudhuria mikutano ya chama kila wiki. Asipohudhuria hawezi kupokea zamu yake wala kukopa. Hivyo basi, hupoteza kipato na vilevile njia pekee ya mkopo aliyokuwa nayo.

Kuna pia matumizi ya kila siku ambayo majirani hawayaoni. Mtoto aliyekua lakini hajui kwenda msalani huhitaji nepi za watu wazima, ambazo bei yake huzidi uwezo wa familia nyingi, au sabuni na maji mengi kila siku. Safari moja ya kwenda kliniki ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na makondakta wengine hukataa kumbeba mtoto anayepiga kelele. Wenye nyumba nao hutoa notisi kwa sababu wapangaji wengine wamelalamika.

Aidha, watoto wengi wenye ulemavu wa akili huugua kifafa pia, na dawa za kifafa hazistahili kukatizwa hata siku moja. Zinapokosekana katika zahanati ya umma, mzazi hulazimika kuzinunua katika duka la dawa au kumtazama mwanawe akianguka.

Mama akiamua kurudi sokoni, mzigo humwangukia mtu mwingine. Mara nyingi huyo ni dada mkubwa anayeacha shule ili amchunge nduguye. Hapo gharama ya ulemavu wa mtoto mmoja huwa imewanyima kipato watu watatu: mama, dada na mtoto mwenyewe. Baba naye aghalabu huhepa, akidai kuwa katika ukoo wake hakujawahi kuwa na mtoto wa aina hiyo.

Ni katika hali hii ambapo visa vya watoto kufungiwa chumbani au kufungwa kamba hutokea. Kitendo hicho ni ukatili na ni ukiukaji wa sheria. Hata hivyo, anayekilaani bila kuuliza sababu hajaelewa hesabu iliyo mbele ya mzazi: akibaki na mtoto, wote watalala njaa, akimwacha huru, huenda akagongwa na gari au, ikiwa ni msichana, akanajisiwa na watu wanaojua kuwa hataweza kutoa ushahidi. Kumhukumu mzazi bila kumwonyesha mahali pa kumwacha mtoto mchana ni kumwongezea mzigo.

Msaada wa serikali

Haitakuwa haki kusema kuwa serikali haijafanya lolote. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuheshimiwa, kupata elimu na kushirikishwa katika jamii. Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2008. Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua mahali pa ile ya mwaka wa 2003.

Kuna pia mpango wa kuzipa fedha familia zinazowatunza watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanzishwa mwaka wa 2011 na ambao sasa uko chini ya Inua Jamii. Familia iliyosajiliwa hupata Sh2,000 kwa mwezi.

Tukirejea katika mfano wetu, Sh2,000 kwa mwezi ni Sh24,000 kwa mwaka, au Sh432,000 katika miaka 18. Hiyo ni asilimia 16 tu ya Sh2.7 milioni ambazo mama yule alipoteza. Asilimia 84 iliyosalia anailipa mwenyewe, na hakuna anayempa risiti.

Isitoshe, kiwango hicho kimedumu kwa zaidi ya mwongo mmoja huku bei za unga, mafuta na sabuni zikipanda. Si familia zote zinazostahili ambazo zimesajiliwa, na wanaolipwa wamewahi kulalamika mara nyingi kuhusu kucheleweshwa kwa malipo.

Msamaha wa kodi nao unaonyesha jinsi sera njema inavyoweza kumpita anayeihitaji. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa cheti na Mamlaka ya Ushuru hatozwi kodi kwa kipato chake cha hadi Sh150,000 kwa mwezi. Msamaha huo humfaa mwalimu asiyeona au karani anayetumia kiti cha magurudumu. Lakini mtu mwenye ulemavu wa akili ambaye hajawahi kuajiriwa hana kipato cha kusamehewa kodi. Mamake anayeuza mboga pia hana hati ya mshahara.

Shule na kazi

Elimu ndipo mahali ambapo gharama inaweza kupunguzwa zaidi, na ndipo ambapo upungufu huumiza zaidi.

Kenya haikuanza jana. Chama cha Kenya cha kuwatetea watu wenye ulemavu wa akili, KSMH, kiliundwa mwaka wa 1971. Vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza katika shule zinazowafaa, maarufu kama EARC, vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Miaka miwili baadaye, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliundwa ili kutoa mafunzo kwa walimu.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003, serikali ilitoa Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ilifanya kuwa hatia kwa mzazi kutompeleka mtoto shuleni. Mtaala wa umilisi una njia ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ambao husonga kwa hatua badala ya gredi hadi kufikia mafunzo ya kazi za mikono.

Tatizo ni umbali kati ya sheria na kijiji. Shule maalumu ni chache, na nyingi ni za bweni. Elimu yenyewe inaweza kuwa bila malipo, lakini bweni, godoro, chakula, sare na nauli si bure. Kwa mzazi aliyekwisha kupoteza kazi, ada ya bweni ya muhula mmoja ni kiasi cha kuuza kuku wote na bado asifikishe. Shule za kawaida zilizo na vitengo maalumu zipo, lakini mara nyingi mwalimu mmoja huachiwa watoto wa umri na mahitaji tofauti kabisa.

Hapa ndipo serikali hudhani kuwa inaokoa fedha. Mtoto asiyeenda shuleni halipiwi ruzuku, haajiriwi mwalimu wala hajengewi darasa. Katika vitabu vya mwaka huo, gharama yake ni sufuri.

Lakini mtoto huyo huyo akifikisha miaka 20 bila kufunzwa kuoga, kufua wala kufuga kuku, atahitaji mtu wa kumtunza kwa miaka mingine 30 au 40. Hatanunua bidhaa kwa fedha alizochuma. Mlezi wake hatalipa kodi. Wote wawili watahitaji chakula cha msaada wakati wa ukame, na bili zao za hospitali zitalazimika kulipwa na mfuko wa umma au kusamehewa. Wazazi wakifariki, ndugu au serikali itarithi jukumu zima. Fedha zilizookolewa darasani hulipwa baadaye mara kadhaa, ila zinalipwa kupitia mlango ambao hakuna anayeuangalia.

Ili tupate picha ya ukubwa wa jambo hili, tuseme tu kuwa walezi 50,000 nchini wamepoteza kipato sawa na cha yule mama wa mfano wetu. Jumla ingekuwa Sh7.5 bilioni kila mwaka. Idadi hiyo si takwimu rasmi bali ni ya kukisia, na huo ndio msiba wenyewe: taifa linakisia jambo ambalo lingestahili kuhesabiwa.

Kinga ni nafuu

Si kila ulemavu wa akili unaoweza kuzuiwa. Hali iitwayo Down, kwa mfano, hutokana na mabadiliko katika chembe za uhai tangu kutungwa kwa mimba, na si kosa la mzazi yeyote. Hata hivyo, katika nchi kama yetu sehemu ya visa hutokana na mambo yanayozuilika, tena kwa bei ndogo.

Mfano bora ni chumvi. Mama mjamzito asipopata madini ya iodini ya kutosha, ubongo wa mtoto aliye tumboni hauwezi kukua ipasavyo. Shirika la Afya Duniani limeutaja upungufu huo kuwa chanzo kikuu cha madhara ya ubongo kinachoweza kuzuiwa duniani. Kenya ililazimisha kutiwa kwa iodini katika chumvi mwaka wa 1978, wakati rovu lilipokuwa jambo la kawaida katika maeneo ya nyanda za juu. Gharama ya kumkinga mtu mmoja kwa njia hiyo hukadiriwa kuwa senti chache za dola kwa mwaka.

Mfano wa pili ni chanjo. Homa ya uti wa mgongo huweza kumwachia mtoto aliyenusurika madhara ya kudumu ya ubongo. Mwaka wa 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib, mmoja wa visababishi vikuu vya homa hiyo, na utafiti uliofanywa Kilifi ulionyesha kuwa maradhi ya Hib yalipungua sana miaka michache baadaye. Chanjo ya kukinga dhidi ya nimonia, ambayo pia huzuia aina fulani ya homa ya uti wa mgongo, ilifuata mwaka wa 2011.

Malaria inayopanda kichwani ni adui mwingine, kwani baadhi ya watoto wanaopona hubaki na matatizo ya kujifunza. Mnamo Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika Kaunti ya Homa Bay.

Kisha kuna dakika za kwanza za maisha. Mtoto anayechelewa kupumua baada ya kuzaliwa huweza kupata madhara ya ubongo kwa muda mfupi sana. Mfuko wa kumpulizia hewa na mkunga aliyefunzwa kuutumia huweza kuyazuia madhara hayo. Umanjano mkali wa mtoto mchanga nao hutibiwa kwa kumweka chini ya taa maalumu. Usipotibiwa huweza kuuharibu ubongo. Mnamo 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, lakini kuondoa ada bila kuhakikisha kuna mkunga, umeme na vifaa ni kumfungulia mgonjwa mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Mazingira pia yana sehemu yake. Madini ya risasi hupunguza uwezo wa akili wa watoto hata yakiwa kidogo mwilini. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo mwaka wa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024. Ukaguzi wa kiwanda kabla hakijaanza kazi ungegharimu sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Binadamu na shilingi

Huenda msomaji akauliza: je, si kumdhalilisha binadamu kumpimia kwa shilingi? Swali hilo ni la haki. Hakuna mtoto ambaye ni hasara, na haki ya kwenda shuleni haitegemei kama mtu atalipa kodi siku moja. Yule atakayehitaji kulishwa maisha yake yote ana haki sawa na yule atakayeajiriwa.

Lakini jambo linalohesabiwa hapa si thamani ya mtoto. Ni bei ya kupuuzwa kwake. Kukataa kuihesabu hakuifuti bei hiyo. Huiacha mabegani mwa mama ambaye hana sauti bungeni wala katika wizara.

Hatua zinazohitajika zinajulikana. Ya kwanza ni kuhesabu: sensa ijayo na tafiti za mapato ya familia ziulize pia ni saa ngapi za kazi mlezi hupoteza na ni mtoto yupi aliyeacha shule ili amlee mwenzake.

Ya pili ni kuwa na mahali pa kumwacha mtoto mchana karibu na nyumbani. Chumba kimoja salama katika shule ya msingi au kituo cha afya, chenye walezi wawili waliofunzwa, kinaweza kuwarejesha akina mama 10 sokoni. Kaunti ndizo zinazosimamia elimu ya chekechea na zahanati, na zinaweza kuanza na majengo yaliyopo.

Ya tatu ni kuongeza malipo ya walezi yaende sambamba na bei za bidhaa, na kuyatoa kwa wakati. Ya nne ni kupima watoto mapema kliniki wanapoenda kuchanjwa, kwa sababu mtoto asiyekaa, asiyetembea au asiyetamka neno kwa wakati anaweza kutambuliwa na muuguzi kabla hajafikisha miaka mitatu. Ya tano ni mafunzo ya kazi baada ya shule: kuoka mikate, kufuma, kufuga, kufua, kutunza bustani. Kijana anayechuma Sh200 kwa siku hapunguzi umaskini wa nyumba yao pekee. Humwachilia huru na mlezi wake.

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ya bure. Lakini wahenga walionya pia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sasa ukuta huo unajengwa kila siku, na wanaoubeba udongo wake ni akina mama wasiolipwa, mabinti walioacha shule na vijana ambao wangeweza kufunzwa kazi lakini hawakufunzwa.